Chembe Zilizoruka

Chumba chetu kilikuwa cha mwisho kwenye korido ya ghorofa ya chini, mkabala na stoo ya mafagio, na mtu akiuliza maabara ya jeli iko wapi aliambiwa afuate harufu. Haikuwa harufu mbaya. Ilikuwa ya jeli ikiyeyushwa taratibu kwenye maji ya moto, pamoja na spiriti ya kufutia vioo na sweta la Mwalimu, ambalo nadhani lilinizidi umri. Dirisha lilizibwa kwa pazia jeusi la tabaka mbili. Taa ilikuwa moja, ndogo, ya mezani, na ilikuwa yangu kwa sababu mimi ndiye niliyeandika. Tangu siku hizo nimefanya kazi kwenye vyumba vizuri zaidi, vyenye viyoyozi na viti vinavyozunguka, na sijapata kukipenda hata kimoja kama nilivyokipenda kile.

Mwalimu alikuwa na cheo kirefu kilichobandikwa mlangoni, lakini kuanzia mkuu wa idara mpaka mfagiaji wote walimwita Mwalimu tu. Mimi aliniita Kalamu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi wa maabara mwenye cheti kipya na mdomo usiopumzika, na siku ya kwanza kabisa alinipa sheria ya chumba kile. Mwitaji anaita, mwandishi anaandika, na mwandishi hana mdomo. Akaniangalia juu ya miwani, akaongeza kwamba kwa upande wangu anajua ni adhabu kali.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwalimu aliinamia hadubini, na ndani ya lenzi kulikuwa na kioo chenye mistari iliyogawanya kila kitu katika miraba. Alichagua chembe moja ya plastiki, ndogo kiasi kwamba mamia zingekaa kwenye ncha ya pini, akaifuata kwa jicho. Dirishani kulikuwa na kile kidude cha wapiga kinanda kinachogonga mapigo, alichokiazima kwa mwalimu wa muziki akasahau kukirudisha, au akajitia kusahau. Kila pigo la nne aliita mraba ambamo chembe ilikuwa, safu kwanza kisha mstari. Tisa, nne. Tisa, tano. Tisa, nne. Mimi niliweka nukta kwenye karatasi ya grafu na kuiunganisha na iliyotangulia. Saa nzima kwa chembe moja, kisha chai, kisha chembe nyingine.

Leo nikimwelezea mtu anadhani nilikuwa nateseka. Wapi! Siku zile nilikuwa na furaha ambayo sikujua kama ni furaha. Kulikuwa na giza, sauti ya Mwalimu isiyopanda wala kushuka, kile kidude kikigonga, na chini ya mkono wangu njia ya kitu ambacho hakuna mwingine duniani aliyekuwa anakitazama. Wakati wa chai Mwalimu alizisengenya chembe. Ile ya asubuhi, atasema, imetoka kilabuni moja kwa moja. Hii ya sasa ina deni mahali, ndiyo maana haitulii.

Mwaka wa kwanza tulifanya maji. Ndani ya maji chembe hutangatanga kama mlevi, hatua huku na hatua kule, na ukichora njia yake unapata fundo la uzi. Hilo lilikuwa likijulikana zamani na sisi tulilirudia ili kupima mikono yetu. Mwaka wa pili tukaingia kwenye jeli. Jeli ni maji pia, ila yana utando mwembamba ndani yake usioonekana hata kwa hadubini, na Mwalimu alitaka kujua chembe itatembeaje humo. Kila mtu aliamini itatembea vilevile, ila polepole. Mwalimu mwenyewe aliamini hivyo.

Mwaka huohuo mkuu wa idara alianza kumchungulia. Mwalimu alikuwa na miaka hamsini na mitatu, si mzee, lakini alikuwa ameniita mara mbili kwa jina la binti yake mbele ya wageni, na mara moja aliacha jiko la umeme linawaka mpaka chupa ikapasuka. Mkuu alinisimamisha kwenye ngazi akaniuliza kama sioni kwamba kazi ya kuita ingefaa wapewe vijana wenye macho makali. Alisema kwa upole, na ule upole ndio ulionitisha. Nilijibu kwamba Mwalimu anaona kuliko sisi sote, nikashuka ngazi kwa hasira.

Wiki hiyohiyo, baada ya chai, Mwalimu alikuwa anafuata chembe iliyokaa mahali pamoja tangu tuanze. Tisa, nne. Tisa, nne. Tisa, tano. Tisa, nne. Ghafla akaita kumi na nne, nane.

Kalamu yangu ilisimama hewani. Miraba mitano kwa mwito mmoja haikuwa hatua ya chembe, si ndani ya maji wala ndani ya jeli. Nilijua kilichotokea, au nilidhani najua, kwa sababu ni kosa la kawaida la mwitaji aliyechoka. Jicho linapepesa, chembe yako inazama kidogo, na unapofumbua unadaka jirani yake bila kujua, unaendelea kuita kama kawaida. Kumi na nne, nane, aliendelea Mwalimu. Kumi na nne, nane. Kumi na nne, saba. Amepoteza chembe yake, nikajisemea, na karatasi hii itafika kwa mkuu wa idara.

Mwandishi hana mdomo. Kwa hiyo nilifanya kwa mkono. Niliweka nukta kwenye kumi, tano. Iliyofuata nikaiweka kumi na moja, tano. Nikaisogeza chembe ile mraba kwa mraba, taratibu, mpaka ikafika pale alipokuwa anaita, na ukiitazama karatasi ungeona mlevi mmoja aliyechukua muda wake kufika nyumbani. Ilikuwa kazi safi. Nilijiona nimemwokoa mtu.

Siku mbili baadaye ilitokea tena, kisha tena. Chembe inatetemeka mahali pamoja nusu saa nzima, halafu Mwalimu anaita mraba wa mbali na kubaki hukohuko. Kila mara nilimfichia. Ndani ya miezi mitatu mkono wangu ulizoea kazi hiyo mpaka nikaacha kuifikiria. Na kila nilipoificha moja moyo ulinijaa huruma, nikazidi kumpenda, nikamwongezea sukari kwenye chai.

Aliniuliza mara moja tu. Jioni, mapazia yamefunuliwa, alikuwa amezitandaza karatasi za wiki nzima mezani na kuzipitia kwa kidole.

"Kalamu, hivi Jumanne kuna chembe iliruka, au naota?"

"Sikuona kitu, Mwalimu," nikamwambia. "Zote zimetembea vizuri."

Akasema basi sawa. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaifuta tena. Mimi nilikuwa naosha vikombe, na nakumbuka nilifurahi kwamba sauti yangu haikutikisika.

Mwezi uliofuata alikwenda kwa daktari wa macho, akarudi akisema macho yake ni mazima kabisa. Nilimpongeza. Hakucheka. Ripoti yetu ilitoka ikisema kwamba ndani ya jeli chembe hutembea kama ndani ya maji, ila polepole, watu wakaipokea bila ubishi kwa kuwa ndicho walichotarajia, na kabla mwaka haujaisha Mwalimu aliandika barua ya kuacha kazi. Tulimuaga kwa soda na hotuba. Mkuu wa idara alisema maneno mazuri. Hakuna aliyejua kwa nini anaondoka, na nilipomuuliza alinishika bega akasema kwamba mtu aondoke angali anajua njia ya kutoka. Nililia kwenye stoo ya mafagio.

Sikumtupa. Kila mwaka nilikwenda kwake mara mbili au tatu, na mkewe, ambaye nilimwita Mama tangu siku ya kwanza, alinipikia na kunifokea kwamba nakonda. Mwalimu aliniuliza habari za kazini kwa adabu, kama mtu anayeuliza habari za nyumba aliyoiuza. Hakuwahi kugusa tena hadubini. Niliwaona wajukuu zake wakimletea wadudu kwenye chupa awaambie ni wa aina gani, naye akawaelekeza kwa bibi yao.

Miaka kumi na minane ilipita hivyo. Ndipo ikaja kamera. Mkuu wetu mpya, daktari kijana wa sayansi, mwanamke mwenye akili kali na haraka nyingi, alifunga kamera juu ya hadubini na kuiunganisha na kompyuta, na siku hizi hakuna mwitaji wala mwandishi, mashine inafuata chembe mia tatu kwa pamoja na kuchora yenyewe njia zao. Aliniita nione jeli. Kwenye skrini kulikuwa na vifundo vidogovidogo, vilivyosokotana mahali pamoja, na kati ya kifundo na kifundo mstari mmoja mrefu ulionyooka. Nikamuuliza ile mistari ni ya nini.

Akanieleza kwa subira. Ule utando wa jeli umejaa vyumba vidogo. Chembe inanaswa ndani ya kimoja, inatetemeka humo, haitoki. Lakini utando nao haujatulia, unajipinda wenyewe, na ghafla ukuta unaachia na chembe inapita kwa mkupuo mmoja mpaka chumba kingine, ambako inanaswa upya. Si mlevi hata kidogo, akasema. Ni mfungwa anayehamishwa gereza. Wenzetu wa ng'ambo walikuwa wameliandika hilo miaka michache nyuma na kusifiwa sana.

Nilisema ninahitaji kwenda msalani. Nilikaa humo mpaka mtu akagonga mlango.

Nilipaswa kwenda kwa Mwalimu jioni ileile. Sikwenda. Nilijiambia amestaafu, ana raha zake, ana wajukuu, ya nini kumchokonoa. Nilijiambia pia kwamba ni jambo la kitaalamu tu, na kwamba mtu haumii kwa chembe. Ukweli ni kwamba niliogopa asinipende tena. Nikawa naenda kwake kama kawaida, nakula, nafokewa, naondoka.

Mwaka huu ndipo nilipobanwa. Daktari kijana aliandaa kitabu kuhusu jeli na akakuta daftari zetu kabatini. Alipenda kuziweka ndani kama kumbukumbu ya zamani, kwamba jeli ya mchanganyiko ule haikuwa na miruko, labda kuna tofauti ya kuchunguza. Alichohitaji ni saini ya Mwalimu kwenye barua ya ruhusa, na kwa kuwa mimi ndiye niliyemfahamu, akanikabidhi barua hiyo. Nilimpigia Mama simu kumwambia nakuja Jumamosi asubuhi. Akaniambia nifanye haraka kwa maana mzee hayuko sawa.

Alinipokea mlangoni, akanivutia jikoni kabla sijamwamkia Mwalimu. Akafungua kabati la chini, lile la masufuria. Nusu yake ilikuwa daftari za shule, zimepangwa kwa miaka.

"Amenieleza juzi," akasema. "Miaka ishirini na saba tangu aache kazi nimelala naye kitanda kimoja, ndiyo kwanza ananieleza juzi."

Babake Mwalimu alipoteza akili akiwa na miaka sitini. Alianza kwa kuona vitu ambavyo havipo. Hilo nililijua nusu nusu. Ambalo sikulijua ni kwamba Mwalimu aliacha kazi kwa sababu alikuwa ameona chembe zikiruka na karatasi ikamwambia hazikuruka. Daktari wa macho alimwambia macho ni mazima. Basi kama si macho, akahitimisha, ni kichwa, ugonjwa wa baba umefika. Hakutaka kuaibika mbele yetu, hakutaka kumtisha mkewe. Akaondoka, akaketi kuusubiri. Kila asubuhi kabla ya chai alijipima kwa siri. Alihesabu kutoka mia kurudi nyuma kwa saba saba, akaandika majina ya wajukuu na tarehe zao za kuzaliwa, akachora saa kwa mkono, kisha akajipa maksi. Hakumfundisha mjukuu hata mmoja hesabu, akiogopa asije akawafundisha makosa. Gari aliliuza mwaka uleule, na mimi nilidhani ni ubahili. Sasa ana miaka themanini, ameanza kusahau alikoweka funguo, na wiki hii alimwambia mkewe kwa utulivu kabisa kwamba sasa umefika.

Nilifungua daftari moja. Maksi kumi kwa kumi, ukurasa baada ya ukurasa.

Mwalimu alikuwa sebuleni, kwenye kiti cha karibu na dirisha, akiwa na blanketi magotini. Nilimwamkia, akaniitikia, akaniita Kalamu. Nilitoa ile barua ya ruhusa kwenye mkoba, nikaiweka mezani, nikapiga moyo konde. Nilikuwa nimejiandalia hotuba njiani, yenye utangulizi. Haikutoka.

"Mwalimu, zile chembe ziliruka. Uliita sawasawa. Mimi ndiye niliyeandika vingine."

Hakuelewa kwanza, au alijifanya hakuelewa ili anipe nafasi ya kurudi nyuma. Nikamweleza yote, kuanzia ile tisa, nne mpaka kumi na nne, nane. Nikamweleza nilivyozisogeza mraba kwa mraba. Nikamwambia leo mashine zinaiona miruko hiyo kila siku na kwamba yeye aliiona kabla ya wote. Alisikiliza huku akitazama mikono yake, kidole gumba kikihesabu kitu kwenye vidole vingine. Nilipomaliza aliuliza ilikuwa mara ngapi. Nikasema sikuhesabu, huenda arobaini, huenda zaidi.

"Arobaini na sita," akasema. "Nilikuwa nazihesabu kichwani."

Nikaanza kulia, na katika kulia nikajitetea, kwa sababu mimi ni mtu wa kujitetea hata pale ambapo sina la kusema. Nilimwambia alikuwa ametuwekea sheria, mwandishi hana mdomo.

"Hana mdomo," akakubali. "Ana mkono. Na mkono ndio uliosema uongo."

Hakupandisha sauti. Nilitamani sana apandishe. Akaniambia nigeuze ile barua ya ruhusa, nyuma yake ni tupu, nichukue kalamu niandike. Akaanza kuita, kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka, akiniachia nafasi baada ya kila sentensi. Kwamba daftari za mwaka ule hazifai kutumiwa na mtu yeyote. Kwamba mwitaji aliona chembe zikiruka mara arobaini na sita, akaita kila moja. Kwamba mwandishi alibadilisha nambari bila mwitaji kujua.

"Weka sababu," akasema.

Nikauliza niweke sababu gani. Akasema wewe ndiye unayeijua. Nikaandika neno moja kisha nikamsomea. Nilikuwa nimeandika: kwa huruma.

Alitikisa kichwa. "Futa. Andika, kwa sababu hakumwamini mwitaji."

Nilitaka kubisha. Nilitaka kumwambia nilivyompenda, jinsi nilivyopigana na mkuu wa idara kwenye ngazi. Nikaona ni kweli yote hayo na bado alilosema ndilo. Nikafuta, nikaandika kama alivyosema. Aliichukua karatasi, akaisogeza karibu na pua, akaisoma mwanzo hadi mwisho. Kisha akaweka saini.

Ndipo uso wake ulipobadilika. Alimwita mkewe kwa nguvu ambayo sikuisikia kwake tangu tulipokuwa na pazia jeusi. Mama alikuja mbio akipangusa mikono, akifikiri ameanguka.

"Niliona," Mwalimu akamwambia. "Ziliruka kweli. Kichwa changu kilikuwa kizima."

Akamweleza, akimwonyesha karatasi, akiruka maneno, akicheka, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola. Alisema funguo kila mtu hupoteza, hata mkewe hupoteza, na jana tu alipoteza. Alisema kesho haandiki lolote, anakunywa chai yake kwanza kama binadamu wengine. Mama alimshika mkono mpaka alipomaliza. Halafu akageuka kunitazama mimi.

"Ukajua lini kwamba alikuwa sahihi?" akaniuliza.

Ningeweza kusema mwezi uliopita, na angeniamini.

"Kamera ilipokuja," nikasema. "Miaka tisa iliyopita."

Mama hakunifokea. Alikaa kwenye mkono wa kiti cha mumewe, akavuta blanketi lililokuwa limeteleza, akalirudisha magotini pake.

"Miaka tisa," akasema. "Na kila ukija hapa nakupakulia."